The Blackbyrds: wanafunzi wa Howard walioingia kwenye chati, na kwa nini sifa zao anapewa mwalimu peke yake

Santuri Kongwe (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila tunapojadili jazi ya Marekani ya miaka ya 1970 na kufika kwa mpiga tarumbeta Donald Byrd, bendi ya The Blackbyrds hutajwa kwa sentensi moja tu, kwamba walikuwa wanafunzi wake wa chuo kikuu, kisha mazungumzo yanaendelea na mwalimu. Nafungua uzi huu kwa sababu naamini vijana wale wamenyimwa haki yao. Walirekodi albamu za kutosha kujaza rafu, waliingiza nyimbo kwenye chati za pop na za muziki wa watu weusi kwa wakati mmoja, na muziki wao bado unatumiwa na watayarishaji ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Hiyo si kazi ya kivuli cha mtu mwingine.

Hata hivyo, huwezi kuanza bila mwalimu. Byrd alizaliwa Detroit mwaka 1932, akapitia kundi la Jazz Messengers la Art Blakey katikati ya miaka ya 1950, kisha akawa mmoja wa nguzo za kampuni ya Blue Note. Tofauti yake na wenzake wengi ni kwamba hakuacha kusoma. Alichukua shahada ya uzamili Manhattan School of Music, akaenda Paris kujifunza utunzi kwa Nadia Boulanger, na baadaye akasomea sheria. Mtu wa namna hiyo akipewa darasa hafundishi kupuliza tarumbeta peke yake.

Darasa alilipata katika Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington, mwishoni mwa miaka ya 1960. Howard ilianzishwa mwaka 1867 na ilikuwa tayari kimbilio la wasomi weusi wa Marekani, lakini katika idara ya muziki utamaduni wa Ulaya ndio uliohesabiwa kuwa elimu. Mnamo Machi 1968 wanafunzi waliliteka jengo la utawala wakidai, pamoja na mengine, masomo yanayowahusu watu weusi wenyewe. Programu ya jazi aliyoiongoza Byrd ilikua katika hali hiyo ya hewa, na ndiyo maana siioni kama burudani iliyochomekwa kwenye ratiba. Ilikuwa sehemu ya jibu la dai lile.

Kisha ikaja albamu ya Byrd iitwayo Black Byrd, iliyorekodiwa mwaka 1972 na kutoka mwaka 1973. Mtayarishaji wake alikuwa Larry Mizell, mhitimu wa uhandisi wa Howard, akishirikiana na ndugu yake Fonce, ambaye alikuwa mmoja wa timu ya watunzi wa kampuni ya kurekodi ya Motown iliyowapa Jackson 5 nyimbo zao za mwanzo. Wahakiki wa jazi waliishambulia kwa maneno makali, wakisema bwana mkubwa ameuza kipaji chake. Wasikilizaji hawakuwasikiliza wahakiki, na Black Byrd ikawa albamu iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Blue Note hadi wakati ule.

Hapo ndipo wanaingia wahusika wa uzi huu. Mwaka huohuo wa 1973 Byrd aliwakusanya wanafunzi wake wakaunda bendi iliyochukua jina kutoka kwenye albamu ile. Kevin Toney alikuwa kwenye kinanda, Keith Killgo kwenye dramu, Joe Hall kwenye besi, Barney Perry kwenye gitaa, Allan Barnes kwenye saksafoni na filimbi, na Pericles Jacobs, aliyeitwa Perk, kwenye ngoma na ala nyingine za kugonga. Walisaini na kampuni ya Fantasy ya California, si Blue Note ya mwalimu wao, na Byrd akawa mtayarishaji. Naomba jambo hilo la kampuni mbili tulikumbuke, maana linaonyesha kwamba tangu mwanzo bendi ilijengwa kama kazi yenye hesabu zake yenyewe.

Albamu ya kwanza, yenye jina la bendi, ilitoka mwaka 1974, na wimbo wake uliosikika zaidi ulikuwa "Do It, Fluid". Ni albamu nzuri, ingawa bado inatafuta njia. Ya pili, Flying Start, ilifuata mwaka huohuo, na ndani yake ukawemo wimbo uliobadilisha kila kitu, "Walking in Rhythm". Kwenye chati kuu ya Billboard ulipanda hadi nafasi ya 6 mwaka 1975.

Ninawaomba msikilize wimbo huo tena kwa utulivu, na safari hii msifuate maneno. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea kweli, anayerudi kwa mpenzi wake, hakimbii wala hakawii. Kinanda cha umeme kinatandika mkeka laini, ngoma ndogo zinajibizana pembeni, na sauti zinazoimba ni za wapiga ala wenyewe, zimepangwa pamoja bila mmoja kutaka kung'ara kuliko mwenzake. Halafu inaingia filimbi. Mahali ambapo bendi nyingi za soul za wakati ule zingeweka saksafoni inayolia au gitaa linalochoma, hawa wameweka filimbi inayocheza kwa lugha ya jazi kabisa, kisha inaachia nafasi na kiitikio kinarudi kama hakuna kilichotokea. Msikilizaji wa redio amepewa jazi bila kuambiwa kwamba ni jazi.

Na aliyeutunga wimbo huo ni Barney Perry, mpiga gitaa, mmoja wa wale wanafunzi. Si Byrd. Si ndugu wa Mizell.

Karibuni tuchangie.

Mbezi Juu

Asante sana mkuu kwa uzi wenye nyama. Nakubaliana na mengi, lakini naomba nipingane nawe kwenye hoja ya msingi. Jina la bendi lilitoka kwa Byrd. Utayarishaji ulikuwa wa Byrd. Mkabala wenyewe, yaani besi ya fanki chini, sauti za pamoja juu na ala za jazi katikati, ulikuwa tayari kwenye albamu za Byrd mwenyewe, Black Byrd na Street Lady, kabla hawa vijana hawajaingia studio. Mwalimu aliyekwisha kupata kanuni inayouza anaweza kuchukua wanafunzi wowote sita wenye bidii akapata matokeo yaleyale. Kwa maoni yangu, kumpa mwalimu sifa hapa si dhuluma, ni hesabu ya kawaida tu.

Jambo la pili, mimi nasimama na baadhi ya wale wahakiki. Nikiweka wimbo wao "Happy Music" baada ya kusikiliza Byrd wa mwaka 1960 akiwa na mpiga saksafoni Pepper Adams, nasikia kitu kimepungua. Mapigo ni matamu na mguu unacheza, lakini ile hatari ya mtu anayetunga papo kwa papo, asiyejua sentensi yake itaishia wapi, haipo.

Santuri Kongwe

Ndugu Mbezi Juu, nashukuru kwa kupinga kwa hoja. Naanza na la kwanza, maana ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kama kanuni peke yake ingetosha, tungekuwa na ushahidi mwingine. Byrd alipohamia Chuo Kikuu cha North Carolina Central, mjini Durham, alifanya jambo lilelile. Aliwachukua wanafunzi wa huko, akaunda nao bendi iliyobeba herufi za chuo, N.C.C.U., wakarekodi albamu. Mwalimu alikuwa yuleyule, uzoefu wake umeongezeka, na njia ya kuingia kwenye kampuni za kurekodi alikuwa anaijua kuliko mwanzo. Leo ni nani hapa jukwaani anayeweza kuimba wimbo wao mmoja? Sisemi vijana wa Durham walikuwa dhaifu. Ninasema kwamba mwalimu yuleyule na kanuni ileile havikuzaa "Walking in Rhythm" nyingine, kwa hiyo kilichokuwemo Howard hakikuwa kanuni tu.

Hebu tazama pia alichowafundisha. Simulizi ya mpiga kinanda Herbie Hancock inajulikana. Alipokuwa kijana ameingia New York, Byrd alimpokea, akamchukua kwenye bendi yake, na alipokaribia kurekodi albamu yake ya kwanza na Blue Note mwaka 1962, Byrd alimsisitizia kwamba haki za uchapishaji wa tungo zake asizitoe kwa kampuni hata kama watamkunjia uso. Hancock akashikilia msimamo. Mojawapo ya tungo hizo ilikuwa "Watermelon Man", ambayo mpiga ngoma Mongo Santamaria aliirekodi, na mwaka uliofuata ikavuma nchi nzima, na mapato ya utunzi yakamwendea mtunzi. Mtu mwenye mafunzo hayo kichwani ndiye aliyekuwa mbele ya darasa la Howard. Kwake, kusoma muziki bila kusoma mikataba, hakimiliki na soko ilikuwa nusu ya elimu. The Blackbyrds walikuwa mazoezi ya vitendo ya somo hilo. Walikuwa wanasoma na kuzunguka na bendi kwa wakati mmoja, na studio ikawa chumba kimojawapo cha mihadhara.

Mwalimu wa aina hiyo hujipunguza kwa makusudi. Ndiyo maana naona ajabu kwamba sisi wasikilizaji tunamrudisha kwa nguvu pale ambapo mwenyewe alikuwa anajaribu kutoka.

Kuhusu la pili, la hatari iliyopungua, sitakubishia kwamba "Happy Music" ni wimbo wa kuchezea. Ulifika nafasi ya 19 kwenye chati kuu mwaka 1976, na ulikusudiwa hivyo. Lakini usiihukumu bendi kwa nyimbo zilizotolewa kwa ajili ya redio. Sikiliza "Blackbyrds' Theme" au "Spaced Out" kwenye Flying Start, halafu uniambie kama Toney na Barnes hawakuwa wanajua wanachokifanya. Tatizo la wahakiki wa wakati ule ni kwamba walikuwa na mzani mmoja tu, urefu wa solo. Bendi hii iliuweka ujuzi wake mahali pengine, kwenye mpangilio, kwenye namna ala sita zinavyopishana ndani ya dakika tatu bila kukanyagana. Kuibana jazi ndani ya dakika tatu si kazi nyepesi, na waliojaribu wakashindwa ni wengi.

Kinanda cha Baba

Kaka zangu, naomba niongeze upande ambao hamjaugusa, nao ni jiji lenyewe. Bendi hii haiwezi kueleweka kama tunaizungumzia Howard bila kuizungumzia Washington iliyoizunguka.

Washington ya katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa jiji ambalo wakazi wake wengi walikuwa weusi, na kwa muda mrefu halikuwa na haki ya kuchagua serikali yake. Sheria ya kulipatia jiji madaraka ya ndani ilipitishwa mwaka 1973, mwaka uleule bendi ilipoundwa, na mwaka 1974 wakazi wakamchagua Walter Washington kuwa meya. Howard ilikuwa na kituo chake cha redio, WHUR, kilichoanza mwaka 1971, na ni katika kituo hicho mwaka 1976 ambapo Melvin Lindsey alianzisha kipindi cha usiku cha nyimbo laini ambacho vituo vya Marekani nzima vilikuja kukiiga. Chuo hichohicho kilikwisha kuwapitisha waimbaji Roberta Flack na Donny Hathaway. Kijana aliyekuwa anasoma muziki pale hakuwa anaota mafanikio ya mbali. Alikuwa anayaona kwenye korido.

Ndiyo maana kwangu albamu kuu ya The Blackbyrds si Flying Start bali City Life, ya mwaka 1975. Jina lake linajieleza. Ndani yake kuna "Rock Creek Park", wimbo unaoitwa kwa jina la hifadhi ya msitu inayokatiza jiji lile kuanzia kaskazini, iliyotengwa na serikali tangu mwaka 1890. Watalii wa Washington hupelekwa kwenye minara ya kumbukumbu za marais na majengo ya marumaru. Bendi hii ikauchukua msitu ambao wakazi wenyewe huenda kupumzika, kuchoma nyama na kupendana gizani, ikaufanya wimbo. Maneno yake ni machache mno, kama ya watu wanaonong'onezana siri ambayo mtaa mzima unaijua. Kazi yote inafanywa na besi inayorudi palepale na dramu ya Killgo isiyo na haraka hata kidogo.

Byrd alikuwa mtu wa Detroit na New York. "Rock Creek Park" ni wimbo wa vijana waliokuwa wanaishi Washington na kuijua njia ya kwenda huko usiku. Hapo namuunga mkono mwanzisha uzi moja kwa moja.

Mbezi Juu

Dada Kinanda cha Baba, hoja ya jiji imeniingia. Ya Durham pia, mkuu, nakiri ni nzito, ingawa nyakati nazo zilikuwa zimebadilika.

Swali langu sasa ni hili: kama nguvu ilikuwa ya wanafunzi wenyewe, kwa nini haikudumu? Baada ya mwaka 1977 sisikii mtu akizitaja albamu zao.

Mwanakwetu

Nami naomba kuuliza, niko nyuma kidogo kwenye muziki huu. Ukiwa na jioni moja tu, unaanza na ipi? Na je, ni kweli waliwahi kutengeneza muziki wa filamu?

Santuri Kongwe

Ndugu Mwanakwetu, ni kweli. Mwaka 1975, katikati ya Flying Start na City Life, walipiga muziki wa filamu ya Cornbread, Earl and Me, uliotungwa na kusimamiwa na Byrd. Ni hadithi ya kijana mcheza mpira wa kikapu anayepigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu, na nafasi ya mtoto anayelishuhudia tukio hilo ilichezwa na Laurence Fishburne alipokuwa bado mdogo. Albamu yake haina wimbo wa kuvuma, na wengi huiruka. Mimi huwa naiweka nikitaka kuwasikia bila kiitikio kinachodai nafasi.

Sasa swali la Mbezi Juu. Kuondoka kwa watu ndiko kulikoanza. Barney Perry na Allan Barnes hawakukaa hadi mwisho. Orville Saunders alichukua gitaa, na wapulizaji wakabadilika. Ukimpoteza mtunzi wa wimbo wako mkubwa kuliko yote na yule aliyeupa filimbi yake, umepoteza sehemu ya sauti yako, hata kama anayekuja ni hodari, na Saunders alikuwa hodari. Unfinished Business ya mwaka 1976 bado ina moto, hasa "Time Is Movin'". Action ya mwaka 1977 watu huiita mwanzo wa kushuka, na mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu ndani yake kuna "Mysterious Vibes", ambayo ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa walivyoacha: polepole, yenye ukungu, na Toney akiwa amepewa nafasi ya kutosha kuzungumza.

Kilichofuata ni disko. Mwishoni mwa muongo ule kampuni zilitaka mapigo yanayofanana, na bendi ambazo nguvu yake ilikuwa kwenye kupishana kwa ala zilibanwa kuliko nyingine. Albamu ya mwisho ya kipindi kile, Better Days, ilitoka mwaka 1980 ikiwa imetayarishwa na George Duke, si Byrd tena. Duke alikuwa fundi, na albamu imesafishwa vizuri sana, lakini nikiisikiliza nasikia bendi ya Los Angeles. Washington imetoka. Kwa hiyo jibu langu kwako, ndugu, ni kwamba nguvu haikwisha kwa sababu ilikuwa ya kuazima. Ilikuwa nguvu ya watu fulani katika mji fulani, na watu wale walipotawanyika na mji ule ukaachwa nyuma, hapakuwa na kanuni ya kuishikilia. Ingekuwa kanuni, ingedumu.

Halafu ikaja hip hop. Watayarishaji waliokuwa wanapekua masanduku ya santuri za zamani walikuta kwenye "Rock Creek Park" kile walichokitafuta, yaani besi na dramu zilizosimama peke yake zenye nafasi ya mtu kuzungumza juu yake, wakakata vipande na kuvirudisha kwenye nyimbo mpya, mara nyingi sana. Byrd mwenyewe alialikwa kwenye Jazzmatazz, albamu ya rapa Guru, mwaka 1993, na hapo wale waliosema ameuza jazi wakawa wamebaki wachache. Alifariki mwaka 2013. Mwaka mmoja kabla ya hapo Keith Killgo alikuwa amekwisha kuirudisha bendi studio, wakatoa Gotta Fly. Allan Barnes naye ametutoka mwaka 2016, na Kevin Toney mwaka 2024.

Kwa jioni moja, Mwanakwetu, usianze na mkusanyiko wa nyimbo bora, maana utakupa redio tu. Anza na City Life upande wa kwanza hadi wa pili bila kuruka, kisha Flying Start, na ukifika "Walking in Rhythm" usiishie hapo, acha iendelee hadi "Future Children, Future Hopes". Ukibaki na nafasi, malizia na "Mysterious Vibes". Tafuta toleo la albamu, lenye urefu wake wote, na kama spika zako ni za simu, tumia vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu besi ya Joe Hall haisikiki kwenye simu na bila hiyo nusu ya bendi haipo.